Mwanga wa Saa Tisa na Robo

16 Aprili, Jumatano

Ndugu na jamaa popote mlipo, Mjini na shamba, mnaarifiwa kwa masikitiko kifo cha taa ya matumbawe, kilichotokea juzi barazani kwetu baada ya marehemu kunyeshewa. Ameacha pampu moja, sanduku la kioo lenye maji ya chumvi, na matumbawe matano yasiyojua la kufanya. Hakuna maziko. Maiti imo ndooni, chini ya ngazi.

Nafanya mzaha kwa sababu tangazo la kweli limeshasomwa redioni Jumamosi, na lile halikuwa na mzaha. Mume wangu Silima aliingia kuoga, akakawia kutoka. Moyo, wamesema.

Naandika kwenye daftari lake la matumbawe, pale alipoishia. Mstari wake wa mwisho: "Ijumaa. Joto 27. Namba Nne mzima."

Alikuwa mtunza mabirika, yale matangi ya maji ya chumvi, katika maabara moja ya bahari. Nanga ya boti ilivunja matumbawe, watu wa maabara wakaokota vipande, mabirika yakawajaa, na Silima akapewa vitano avilee nyumbani, kila kimoja na kipande cha plastiki chenye namba. Mwezi wa Agosti watakuja kuvichukua, vikapandwe upya mwambani. "Nassra," aliniambia siku alipovileta, "hivi ni amana." Kisha akavifungia taa ya buluu ya maabara, na tangu hapo nikawa mke wa pili kwenye nyumba ya mke mmoja.

Eda yangu inakwisha tarehe 18 Agosti. Amana ya maiti imo shingoni mwangu, nami sitoki nje.

17 Aprili

Mvua.

19 Aprili, Jumamosi

Shangazi yake Silima, Bi Salhiya, amehamia kunikalisha eda. Ana miaka themanini, hasikii hata adhana ila kwa bidii, lakini nikisogea dirishani anasikia. "Dirishani hapasimamwi!" Basi dirisha la chumba cha matumbawe, lile la kichochoroni, limefungwa mbao zake zote. Kilichobaki ni tundu la hewa juu yake, kubwa kama sinia, na liko juu hata nikipanda kiti sioni nje. Chumba ni cha kiza. Nyumba zetu zilijengwa na watu waliokimbia jua.

Shaame, mdogo wake Silima, amekuja kuuliza hali. Tunazungumza kwa pazia, yeye ukumbini, mimi chumbani.

"Shemeji, nimeleta taa. Nimeitoa sokoni Darajani."

Mkono ukapenya pembeni ya pazia na glopu ya manjano.

"Shaame, hii ni ya kutotolea vifaranga."

"Si mwanga ni mwanga?"

Usiku wa khitma ni yeye aliyeitundika ile taa ya buluu barazani wanaume wapate kusomea, mvua ikaja, na hakuna aliyekumbuka kuitoa. Wasomaji walikimbia na misahafu, taa ikabaki. Sasa ananiletea ya vifaranga.

22 Aprili

Ng'ambo ya kichochoro, juu ya nyumba ya Bi Mwatum, wanagonga misumari tangu asubuhi. Msiba una siku kumi tu. Nilitaka kukasirika, ila saa sita akaleta bakuli la mchuzi wa pweza. Huwezi kumkasirikia mtu huku unakula pweza wake.

28 Aprili, Jumatatu

Yanapauka. Matumbawe yalikuwa na rangi ya kahawa, na mengine yaliingia kijani kama mabua machanga. Sasa Namba Mbili imekuwa nyeupe nchani. Mimi ni mshonaji, najua weupe wa aina nyingi. Huu ni weupe wa bafta ya sanda. Nilikata dhiraa zake kwa mkono wangu mwezi huuhuu.

Nimempigia Sumaiya wa maabara, binti mwenye sauti ya mwalimu. Mabirika yao bado yamejaa, taa ya ziada hawana. Akanifundisha kwa simu. Ndani ya tumbawe imo mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, na mimea hiyo ndiyo inayolipikia. Mimea inaishi kwa mwanga. Mwanga ukipungua, mpishi anahama na rangi inahama naye. Linabaki jiwe lenye njaa.

"Kama wanaume," nikamwambia.

Akacheka, kisha akakumbuka kwamba mimi ni mjane, akaomba radhi.

"Bi Nassra, usitazame wati. Wati ni umeme unaokula, si mwanga unaotoa."

Hapo nikamfahamu. Yadi nyingi si nguo nzuri.

29 Aprili

Nimebuni kipimo. Nazamisha mkono ndani ya maji na sindano na uzi mweusi, kila mahali lilipo tumbawe. Nikiweza kuona tundu la sindano, mwanga upo. Upande wa kulia, naona. Kushoto, alipo Namba Nne, natunga uzi kwa kubahatisha. Bi Salhiya alinikuta na mkono ndani ya maji mpaka kwapani.

"Unashona nini humo?"

"Viraka, Shangazi."

3 Mei, Jumamosi

Shaame amepenyeza taa ya kumulikia geti. Nyeupe, kali, unaona mifupa ya vidole. Nilifurahi. Nikaiwasha kutwa nzima.

4 Mei

Namba Mbili imekufa. Ngozi yake inaambuka vipande vipande kama chokaa ya ukuta wenye unyevu. Sumaiya anasema mtu aliyekaa kizani wiki tatu hatolewi juani mara moja, lazima uanze na saa mbili, kesho tatu, keshokutwa nne. Angalisema jana.

Nilimwambia Shaame, kwa pazia, maneno ambayo sitayaandika. Kisha akasema, "Madumu ya maji ya bahari nimeyaweka ngazini, shemeji," akaenda zake.

6 Mei

Mvua.

7 Mei

Mvua. Bi Salhiya anasema mwaka huu masika yamesahau kwao.

9 Mei, Ijumaa

Hili nitaliandika kama lilivyokuwa, bila ya chumvi.

Silima akirudi kazini alikuwa anafika saa tisa na robo. Ungeweza kurekebisha saa kwa huyu mtu. Ndara zake alikuwa akiziburura, kwaru, kwaru, anapita ukumbini, haniamkii, anakwenda moja kwa moja kwenye kioo na kukigonga mara mbili kwa ukucha, ng'o, ng'o. Baada ya hapo ndipo anakumbuka kuwa ana mke. "Nassra, hujambo?"

Leo mvua ilikatika baada ya sala ya Ijumaa. Nilikaa chumbani, mgongo wangu mlangoni, nikishona kanga iliyochanika. Taa ya geti nilikuwa nimeizima. Nikasikia kwaru, kwaru.

Sikugeuka. Nilijua hapana mtu. Shangazi alikuwa amelala, Shaame yuko kazini.

Kwaru. Kisha ng'o, ng'o, kwa mbali, kama kitu kilichofungiwa ndani ya kingine.

Halafu chumba kikaingia mwanga. Sisemi kiliangaza, nasema kiliingia mwanga, kama mtu anavyoingia. Ulikuwa mweupe, mwembamba, ukashuka kutoka tundu la juu mpaka ndani ya maji, upande wa kushoto, pale pale juu ya Namba Nne. Ulikuwa ukitetemeka. Chumba hiki kinatazama mashariki, na saa tisa jua liko nyuma ya nyumba yetu. Hakuna jua linaloweza kuingia kwa tundu lile alasiri. Miaka kumi na tisa nimo humu, halijaingia.

Ulikaa kiasi cha nusu saa, ukaondoka. Nikakuta nimejichoma sindano na kanga imeingia damu.

10 Mei

Umekuja. Saa tisa na robo.

11 Mei

Mawingu. Haukuja. Marehemu hakupenda mvua hata alipokuwa hai.

12 Mei

Umekuja.

21 Mei, Jumatano

Nimemuuliza Shangazi kama roho hurudi.

"Roho ya nani?"

"Ya mtu yeyote."

"Ukiwa mtu mwema haina la kurudia. Ukimdhulumu ndiyo inarudi kuuliza." Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akanitazama. "Kwani umemdhulumu nani wewe?"

"Namba Mbili," nikasema.

Hakuuliza Namba Mbili ni nani. Amezoea kutosikia nusu ya maneno.

30 Mei, Ijumaa

Sumaiya anasema nitafute buluu. Bahari inameza rangi kama watoto wanavyomeza vitumbua: nyekundu inaliwa mwanzo, manjano inafuata, buluu inabaki mpaka chini kabisa. Matumbawe yamezoea makombo hayo. Shaame akazunguka mji mzima, akapata taa ya buluu kwa mpambaji wa ukumbi wa harusi. Niko baina ya taa mbili: ile ya geti, kali na isiyokuwa na adabu, na hii ya harusi, laini na ya rangi inayotakiwa. Nimeipima kwa sindano. Chini tundu halionekani vizuri. Lakini buluu ni buluu. Nimechagua ya harusi, saa mbili leo, tatu kesho.

Sikufikiria kichochoro. Magharibi nyumba yetu ilikuwa ikitoa mwanga wa buluu kwa juu kama chumba cha biharusi. Akaja mke wa imamu kuuliza, kwa upole wote, kama ni kweli mjane anacheza disko. Bi Salhiya alitaka ardhi immeze. "Taa ya harusi kwenye nyumba ya eda! Nassra, watu watasema nini?"

"Wameshasema, Shangazi. Tunasubiri waache."

Tumekubaliana taa izimwe kabla ya magharibi. Matumbawe nayo yakae eda.

7 Juni, Jumamosi. Iddi Kubwa

Watu wamevaa. Mimi sikuvaa. Harufu ya udi wa nyumba za watu imeingia kwa tundu la hewa. Saa tisa na robo umekuja, kwaru, kwaru, ng'o ng'o. Nikamwambia, "Iddi njema." Sijui kwa nini niliona haya.

11 Juni

Namba Tano imekufa, mwisho kabisa wa kulia, mbali na Namba Nne. Namba Moja na Namba Tatu hazijafa wala hazijapona.

Namba Nne imerudisha rangi. Kahawa kamili, na vinywa vidogo vimefunguka juu yake kama vishimo vya mkate wa kumimina. Taa ya harusi haimfikii vizuri, yeye ndiye aliye mbali nayo zaidi. Anaishi kwa ule mwanga wa alasiri, hakuna kingine.

Nimepima kila kitu humu kwa sindano isipokuwa huo. Mkono unafika juu ya maji unarudi.

15 Juni, Jumapili

Sijalala sawasawa siku nne. Nitaandika, nione kama itapungua.

Nimeandika humu kwamba Shaame aliitundika taa barazani. Ni kweli aliitundika. Sikuandika aliipata wapi.

Ijumaa, siku moja kabla Silima hajafa, tuligombana. Kwa hakika niligombana mimi, yeye alikuwa akirekebisha taa. Nilikuwa nimeshona gauni jipya, langu, si la mteja, nikalivaa, nikapita mbele yake mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Nassra, sogea kidogo, unaniziba." Nikamwambia laiti ungalinitazama mimi saa moja kwa siku kama unavyolitazama hilo li-taa lako. Akacheka, hakuwa na ubaya, akaandika kwenye daftari lake: Namba Nne mzima. Akaenda kulala. Kesho yake akaingia kuoga.

Usiku wa khitma baraza ilikuwa na kiza, glopu imeungua. Mtu akasema kwa pazia, "Jamaa, hakuna taa nyingine humo ndani?" Wanawake wote walionizunguka wakanyamaza, maana nyumba ni yangu. Nami nikasema, "Ipo. Hiyo hapo juu ya kioo. Chukueni." Nikaifungua mwenyewe kwenye ndoano, nikaitoa nje ya pazia kwa mkono wangu.

Kama ningalisema nilifanya kwa kuchanganyikiwa na msiba, kila mtu angalinisamehe. Lakini nakumbuka vizuri. Nilifanya kwa raha. Kwa ile dakika moja niliona tumelipana.

Kisha mvua ikaanza, nikaisikia inavyopiga mawe ya kichochoro, na nilijua taa iko nje. Sikusema kitu.

Basi anaporudi saa tisa na robo, anarudi kuuliza hilo. Anapita nyuma yangu, haniamkii, anakwenda kwa Namba Nne. Ananifanyia kama alivyokuwa akinifanyia, na sina haki ya kulalamika tena.

16 Juni, Jumatatu

Shaame alikuja na madumu. Nikamwita karibu na pazia.

"Shaame, ile taa ya maabara. Si wewe uliyeitoa ndani."

"Najua, shemeji."

"Unajuaje?"

"Mkono ulionipa ulikuwa na pete yako."

Miezi miwili namtukana mtu huyu kwa taa za vifaranga, na yeye anazunguka Darajani ananitafutia nyingine.

"Na uliniacha niseme yote yale?"

"Ulikuwa huna mwengine wa kumsema," akasema. Kisha akaongeza, maana ni Shaame: "Lakini ile ya vifaranga kwa kweli muuzaji alinihakikishia."

17 Juni

Nimesogeza Namba Moja na Namba Tatu kushoto, zikae ubavuni mwa Namba Nne. Nilimwomba ruhusa kwanza, kwa sauti.

2 Julai

Umekuja. Namba Moja imeshika rangi.

3 Julai

Umekuja.

4 Julai

Upepo wa kusini. Ndara zimekuwa na haraka, ng'o ng'o imekuwa ng'o ng'o ng'o. Nikamwambia, "Una nini leo?"

13 Julai, Jumapili

Sasa nakaa kabisa. Saa tisa naacha cherehani, natawadha, nakaa kwenye kigoda mgongo mlangoni. Namweleza ya siku hiyo: maji yamepungua vidole viwili, Shangazi amemezesha paka dawa yake ya presha kwa makosa na paka amelala tangu juzi, Shaame amepata mchumba kule Paje. Siku nyingine naomba msamaha, siku nyingine sitaki. Mwanga unatetemeka juu ya matatu haya, nami naangalia vinywa vyao vikifunguka kimoja kimoja. Najua sijasamehewa. Lakini sijawahi kupata nusu saa yake nzima, kila siku, katika miaka kumi na tisa.

Leo ulipoondoka nililia kama mtoto aliyeachwa stesheni.

29 Julai

Namba Tatu imeshika rangi. Watatu wazima.

10 Agosti

Zimebaki siku nane. Watu wananipongeza kama mfungwa. Mimi nahesabu alasiri.

18 Agosti, Jumatatu

Eda imekwisha. Nimeoga, Bi Salhiya amenifukiza udi, nimevaa lile gauni. Hakuna aliyeniziba wala niliyemziba.

Sumaiya alikuja saa nane na ndoo mbili. Ni mdogo kuliko sauti yake. Akainama kwenye kioo muda mrefu.

"Hawa watatu mumewapa taa gani?"

"Ya harusi."

Akazamisha kipimo chake, kidude chenye waya, akasoma, akatikisa kichwa. "Bi Nassra, taa hii ni ya kupendezesha watu. Hailishi tumbawe. Hawa wamepigwa na jua."

"Jua haliingii humu."

"Basi Mungu anajua."

Nilitaka aondoke kabla ya saa tisa. Lakini alikuwa mtaratibu, kila kimoja akikifunga, akikiandika. Kwaru, kwaru. Mwanga ukashuka ndani ya maji matupu upande wa kushoto. Sumaiya akatia kipimo chake ndani yake bila ya kusita, kama mtu anayetia kijiko kwenye chai.

"Aa," akasema. "Si hili hapa? Zuri sana hili." Akaandika namba. Akachukua ndoo zake. Amana imefika: watatu kwa watano. Nilitia saini.

Kisha nilivuka kichochoro, hatua zangu za kwanza nje, kumshukuru Bi Mwatum kwa bakuli zake zote.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka salama? Njoo juu, naanua nguo."

Juu ya dari yake ya kuanikia, upande unaoelekea kwetu, yamesimamishwa mabati mapya kumi na mawili, wima, yamefungwa kwa waya kwenye miti. Jua la alasiri lilikuwa likiyapiga usoni nayo yakilirusha ng'ambo, chini kidogo, kwenye ukuta wetu. Moja limelegea. Upepo wa alasiri ulipopita lilijiburura kwenye sakafu, kwaru, likapiga mti, ng'o, ng'o.

Nikauliza yamewekwa lini.

"Wiki ya pili ya msiba. Niliyaweka kwa ajili yako, mwanangu. Hawa wanangu wanapanda huku na njiwa wao, nikasema, mwenzao yumo edani, wasije wakatupa jicho dirishani kwake. Stara ni jambo jema. Yalikukera kwa kelele?"

"La," nikasema. "Hayakunikera."

"Basi sasa umeshatoka, nayashusha. Si yangu hayo, nimeazima."

Ni ya banda la kuku la mkwe wake, kule Kizimbani. Yanarudi Ijumaa.